Kilichobaki nje ya fremu: Toronto na historia ya kupanga picha

Katika jengo namba 255 la barabara ya Spadina, jijini Toronto, Kanada, kuna hifadhi ya nyaraka za jiji. Miongoni mwa hazina zake ni maelfu ya negativu za kioo zilizopigwa na mwajiriwa mmoja wa halmashauri. Jina lake ni Arthur Goss. Kuanzia mwaka 1911 hadi alipofariki dunia mwaka 1940, Goss alikuwa mpiga picha rasmi wa Toronto, na kazi yake ilikuwa kupiga kile alichoagizwa: mitaro ya maji machafu, reli za tramu, madaraja yaliyokuwa yakijengwa, shule, na vyoo vya uani katika mitaa ya maskini.

Picha hizo hazikukusudiwa kutundikwa ukutani. Hata hivyo, anayezitazama leo hujifunza jambo ambalo vitabu vingi vya upigaji picha hulitaja kwa haraka na kupita. Kupanga picha ni kuamua kamera isimame wapi, nini kiingie ndani ya fremu na nini kiachwe nje. Uamuzi huo huchukua sekunde chache. Matokeo yake huweza kudumu miaka mia moja, na wanaoyabeba ni wale waliopigwa picha.

Makala haya yanafuatilia kanuni za msingi za kupanga picha, zilikotoka, na namna zilivyotumika katika mji huu ambao umekuwa makao ya watu wengi kutoka Afrika Mashariki.

Mistari minne juu ya kioo cha simu

Karibu kila simu ya kisasa yenye kamera inaweza kuonyesha mistari minne myembamba juu ya kioo chake: miwili ya wima na miwili ya mlalo. Mistari hiyo huigawa picha katika visanduku tisa vilivyo sawa. Kanuni inayoambatana nayo inajulikana kama kanuni ya theluthi. Inasema kwamba kitu muhimu katika picha kiwekwe kwenye mojawapo ya mistari hiyo, au mahali ambapo miwili inakutana, badala ya kuwekwa katikati kabisa.

Wengi hudhani kwamba kanuni hii ilizaliwa pamoja na kamera. Sivyo. Mchoraji na mchongaji wa picha wa Uingereza, John Thomas Smith, aliiandika mwaka 1797 katika kitabu kuhusu uchoraji wa mandhari ya mashambani. Hiyo ilikuwa zaidi ya miaka 40 kabla ya uvumbuzi wa Louis Daguerre kutangazwa mjini Paris mwaka 1839. Smith aliwashauri wachoraji wasigawe turubai nusu kwa nusu kati ya mbingu na ardhi, au kati ya mwanga na giza. Sehemu moja, alisema, iwe theluthi na nyingine iwe theluthi mbili.

Wapiga picha wa mwanzo walikopa mafunzo hayo kutoka kwa wachoraji kwa sababu walitaka kazi yao ihesabiwe kuwa sanaa. Mwingereza Henry Peach Robinson alikuwa kinara wao. Mwaka 1858 aliunganisha negativu tano kutengeneza picha moja ya msichana aliye katika kitanda cha mauti akizungukwa na jamaa zake. Mwaka 1869 alichapisha kitabu cha mafunzo ambacho kilifundisha vizazi kadhaa vya wapiga picha namna ya kusawazisha uzito wa vitu, mistari na vivuli.

Sababu ya kanuni hii kufanya kazi si ngumu kueleweka. Kitu kinapokuwa katikati, jicho hukifikia na kutulia hapo hapo. Kinaposogezwa pembeni, nafasi inayobaki hupata maana. Jahazi linaloelekea kulia likiwekwa upande wa kushoto wa picha, mtazamaji huiona bahari ambayo bado halijaivuka. Likiwekwa ukingoni kulia, huonekana kana kwamba linatoka nje ya picha. Vivyo hivyo kwa uso wa mtu: macho yake yapewe nafasi upande yanakotazama.

Mstari wa upeo wa macho hufuata hesabu hiyo hiyo. Anayepiga Ziwa Ontario kutoka ufukwe wa Toronto anaweza kuushusha mstari huo hadi theluthi ya chini, na picha ikawa habari ya mawingu. Akiupandisha hadi theluthi ya juu, inakuwa habari ya maji. Akiuacha katikati, mara nyingi mtazamaji hatajua ni habari ya kipi.

Lakini kanuni ni mtumishi. Mtu aliyeonyesha vizuri zaidi jambo hilo mjini Toronto ni yule yule Arthur Goss.

Mtu mmoja, lugha mbili

Goss alizaliwa mwaka 1881 na kuingia katika kazi za jiji akiwa bado mvulana. Nje ya saa za kazi alikuwa mwanachama wa Toronto Camera Club, chama ambacho chimbuko lake ni mwaka 1888. Wanachama wengi wa vyama vya namna hiyo, Ulaya na Amerika ya Kaskazini, walifuata mtindo uliotukuza ukungu, mwanga laini na miti iliyosimama kandoni mwa maji. Picha ilipaswa kumgusa mtazamaji kama mchoro. Goss naye alipiga picha za aina hiyo na kuzipeleka kwenye maonyesho.

Asubuhi alipoingia kazini, aliiweka lugha hiyo kando. Kamera kubwa ilisimamishwa juu ya miguu mitatu, imenyooka sawasawa. Mpiga picha wa zama hizo alijifunika kitambaa cheusi na kutazama kioo cha nyuma ya kamera, ambako taswira ilionekana kichwa chini, miguu juu. Usumbufu huo ulikuwa na faida yake. Taswira iliyopinduliwa humlazimisha mtu kuona maumbo, mistari na nafasi tupu, kwa kuwa vitu vyenyewe havitambuliki kwa urahisi. Hadi leo baadhi ya walimu huwaambia wanafunzi waipindue picha ili waone kama imekaa sawa.

Katika kamera za namna hiyo, sehemu ya mbele yenye lenzi iliweza kupandishwa bila kuiinamisha kamera yenyewe, na kuta za majengo zikabaki wima. Anayeinua simu yake kupiga jengo refu hukosa msaada huo. Jengo huonekana kama linaanguka kinyumenyume. Dawa yake ni kurudi nyuma na kuishika simu wima.

Goss aliweka kitu alichoagizwa katikati na akahakikisha kila sehemu iko wazi. Tarehe na namba viliandikwa kwenye negativu yenyewe. Kwa mizani ya chama chake, picha hizo hazikuwa na ushairi wowote. Kwa mizani ya jiji, zilikuwa ushahidi.

Ushahidi huo ulihitajika hasa katika eneo lililoitwa The Ward, kati ya mitaa ya Yonge, University, College na Queen. Hapo waliishi wahamiaji Wayahudi kutoka Ulaya ya Mashariki, Waitaliano, Wachina na wengine waliofika bila mali. Kabla yao, eneo hilo lilikuwa kimbilio la watu weusi waliotoroka utumwa nchini Marekani, ambao katika miaka ya 1840 walianzisha hapo kanisa lao.

Mwaka 1911, Afisa Mkuu wa Afya wa Toronto, Dk. Charles Hastings, alitoa ripoti kuhusu hali ya makazi duni jijini. Alieleza juu ya msongamano, vyoo vya nje, nyumba zisizounganishwa na mifereji, na watu waliolala katika vyumba vya chini ya ardhi. Goss alitumwa kuyapiga hayo yote. Alisimama kwenye nyua nyembamba na kuiacha mistari ya uzio wa mbao na kuta zilizopinda ilivute jicho la mtazamaji hadi mwisho wa uchochoro, kwenye choo, bomba la maji au rundo la takataka.

Hiyo ni kanuni nyingine ya msingi: mistari inayoongoza. Njia, reli, ukuta au kivuli hulishika jicho mkono na kulipeleka mahali. Mpiga picha wa mandhari huitumia kumfikisha mtazamaji mlimani. Goss aliitumia kuwafikisha madiwani pale ambapo wasingependa kufika kwa miguu yao.

Kampeni ya Hastings ilizaa matunda. Toronto ilisafisha maji na maziwa yake, na vifo vya homa ya matumbo vikapungua sana. Picha pekee hazikuleta mabadiliko hayo, lakini zilikuwa sehemu ya hoja.

Kile ambacho kamera haikuagizwa kukiona

Hata hivyo, kuna upande wa pili. Idara ya afya iliagiza picha za uchafu, na uchafu ndio uliojaza fremu. The Ward lilikuwa pia na masinagogi, makanisa, maduka, majumba ya maigizo na harusi. Yalikuwa hatua chache tu kutoka pale kamera iliposimama. Wakaazi wanapoonekana katika picha hizo, mara nyingi wako milangoni au kando, wakiitazama kamera ambayo haikuja kwa ajili yao. Baadhi ya watoto wamekuwa ukungu, kwa sababu walisogea kabla kioo hakijamaliza kunasa mwanga.

Mtu aliyeliona eneo hilo kwa picha pekee angeamini kwamba halikuwa na chochote cha kuhifadhiwa. Na kweli halikuhifadhiwa. Sehemu kubwa ya The Ward ilibomolewa katika miongo iliyofuata. Ukumbi mpya wa jiji, uliobuniwa na Viljo Revell kutoka Finland, ulifunguliwa hapo mwaka 1965. Mwaka 2015, wachimbaji wa mambo ya kale walifukua kiwanja kimoja katika eneo hilo kabla ya ujenzi wa mahakama mpya, na wakakuta masalia ya kanisa la wale waliotoroka utumwa. Ardhi ilitunza kile ambacho fremu ilikiacha nje.

Goss mwenyewe hakusema uongo. Kila kitu kilichomo katika picha zake kilikuwapo. Upotoshaji mkubwa katika upigaji picha kwa kawaida hauhitaji kuongeza kitu. Kuchagua mahali pa kusimama kunatosha.

Pengo la namna hiyo lilimgusa hata mwandishi wa riwaya. Kati ya mwaka 1915 na 1918, Goss alifuatilia hatua kwa hatua ujenzi wa daraja kubwa la Prince Edward, linalovuka bonde la mto Don. Mwaka 1987, Michael Ondaatje, mzaliwa wa Sri Lanka anayeishi Toronto, alitoa riwaya ya In the Skin of a Lion inayowahusu wahamiaji waliojenga daraja hilo. Goss anaonekana ndani yake. Kumbukumbu za jiji zilikuwa na picha tele za chuma na saruji, lakini kuhusu maisha ya waliobeba chuma hicho zilikuwa na machache.

Wanaume saba mezani

Picha nyingine maarufu ya Goss ilipigwa mwaka 1920 au karibu na hapo, katika klabu ya wasanii jijini iitwayo Arts and Letters Club. Inawaonyesha wachoraji wa Kundi la Saba, ambao michoro yao ya misitu na maziwa ya kaskazini imekuwa kama nembo ya Kanada. Wanaume saba wamekaa kuizunguka meza.

Kwa mpangilio, ni somo zuri la kupiga kundi la watu. Hawakupangwa mstari kama wanafunzi mbele ya shule. Vichwa viko katika vimo tofauti, meza inawaunganisha, na jicho husafiri kutoka uso mmoja hadi mwingine. Anayepiga picha ya familia sebuleni anaweza kuiga mbinu hiyo leo: baadhi waketi, baadhi wasimame, na kuwe na kitu kimoja kinachowakusanya, iwe meza, mkeka au mtoto mchanga.

Lakini anayehesabu wanaume saba na kudhani amewahesabu wachoraji saba atakuwa amekosea. Mmoja wao, Barker Fairley, alikuwa profesa na rafiki yao, wala hakuwa mwanachama wa kundi. Mchoraji Franklin Carmichael hakuwapo siku hiyo. Idadi inalingana kwa bahati, na bila maelezo chini yake picha ingempotosha mtazamaji makini kabisa. Hapa inaonekana kwamba maelezo ya picha ni sehemu ya mpangilio wake. Jina likikosekana au likiwekwa vibaya, fremu nzima hubadilika maana.

Wavulana watatu na mawimbi

Kwa wasikilizaji wa Afrika Mashariki, mfano mkubwa zaidi wa jambo hilo ni picha iliyopigwa na Martin Munkácsi, raia wa Hungary aliyefanya kazi mjini Berlin, mnamo mwaka 1930 hivi. Wavulana watatu weusi wanaonekana kwa nyuma wakikimbia kuingia majini. Miili yao ni maumbo meusi dhidi ya povu jeupe. Mikono na miguu yao imekaa katika mpangilio ambao hakuna mchoraji angeweza kuuagiza. Nusu sekunde kabla au baadaye, usingekuwapo.

Mfaransa Henri Cartier-Bresson, aliyekuwa akijifunza uchoraji, aliiona picha hiyo katika jarida akiwa kijana. Alieleza baadaye kwamba ndiyo iliyomfanya atambue kwamba kamera inaweza kunasa umilele katika muda mfupi mno. Alichukua kamera ndogo aina ya Leica, na mwaka 1952 akatoa kitabu kilichojulikana kwa Kiingereza kwa jina la The Decisive Moment. Kutoka kwake, wapiga picha duniani kote walijifunza kanuni ya wakati: fremu ipangwe kwanza, kisha mtu asubiri tukio liikamilishe.

Kwa miaka mingi picha ya Munkácsi ilichapishwa kwa maelezo kwamba ni ya Ziwa Tanganyika. Wengine husema ilipigwa pwani ya Liberia, upande wa pili wa bara. Majina ya wavulana hayakuambatanishwa. Picha iliyobadili sanaa ya karne nzima inawajua kwa migongo yao tu.

Kisa hiki kina njia ya kurudi Toronto. Munkácsi alikuwa mpiga picha wa gazeti la picha la Berliner Illustrirte Zeitung, lililomilikiwa na shirika la Ullstein. Kurt Safranski, mmoja wa wakuu wa Ullstein, aliikimbia Ujerumani ya Wanazi, na mwaka 1935 akawa miongoni mwa Wayahudi watatu walioanzisha mjini New York wakala wa picha ulioitwa Black Star. Wenzake walikuwa Ernest Mayer na Kurt Kornfeld. Wakala huo uliyauzia magazeti, likiwamo Life, picha za vita, uchaguzi, maandamano na uhuru wa mataifa mapya.

Mwaka 2005, mkusanyiko wa picha zipatazo 292,000 za Black Star ulitolewa kama zawadi kwa chuo kikuu kimoja cha Toronto ambacho tangu mwaka 2022 kinaitwa Toronto Metropolitan University. Jumba la kuzihifadhi lilifunguliwa mwaka 2012 katika mtaa wa Gould, ndani ya jengo lililokuwa ghala la kiwanda cha bia. Watafiti wanaofika hapo hugeuza picha na kusoma mgongo wake kwanza: mihuri, tarehe, maelezo yaliyopigwa taipu. Uso wa picha huonyesha namna mpiga picha alivyopanga. Mgongo wake huonyesha namna wahariri walivyotaka isomwe.

Mwanga ulipangwa kwa ajili ya nani?

Mpangilio hautegemei mistari na wakati tu. Mwanga nao hupanga, kwani jicho hukimbilia sehemu angavu kabla ya yenye giza. Na hapo kamera zenyewe hazikuwa na haki sawa kwa watu wote.

Katika eneo la Mount Dennis, magharibi mwa Toronto, kampuni ya Kodak ilikuwa na kiwanda kikubwa cha Kanada hadi kilipofungwa mwaka 2005. Jengo lake moja, namba 9, lilihifadhiwa na kuwa sehemu ya stesheni ya reli. Filamu za rangi za enzi za viwanda kama hicho zilisafishwa katika maabara kwa kulinganishwa na kadi yenye picha ya mwanamke mweupe, iliyojulikana kama kadi ya Shirley. Rangi za ngozi yake zikitoka vizuri, mashine ilihesabiwa kuwa sawa.

Mwaka 2009, Profesa Lorna Roth wa Chuo Kikuu cha Concordia mjini Montreal alichapisha utafiti kuhusu kadi hizo. Alionyesha kwamba filamu zilibuniwa kwa ngozi nyeupe, na watu weusi walitoka gizani, hasa walipopigwa pamoja na weupe. Miongoni mwa waliolalamika na kusikilizwa walikuwa watengenezaji wa samani na chokoleti, ambao walitaka tofauti za rangi ya kahawia zionekane. Kadi zenye wanawake wa rangi mbalimbali zilitolewa na Kodak katikati ya miaka ya 1990.

Tatizo hilo halijatoweka kabisa. Kipimo cha mwanga ndani ya kamera huchukulia kwamba kila kilicho mbele yake ni cha wastani, si cheupe sana wala cheusi sana. Ikielekezwa kwenye theluji ya Toronto, kamera hupunguza mwanga. Theluji hutoka kijivu, na uso wa mtu mweusi aliyesimama mbele yake huzama. Dawa yake ni kugusa uso huo kwenye kioo cha simu na kuongeza mwangaza hadi macho yaonekane. Theluji ikipoteza chembe zake si hasara. Hakuna aliyepigwa picha kwa ajili ya theluji.

Jua nalo lina tabia tofauti. Mwezi Desemba, saa sita mchana, jua la Toronto hupanda nyuzi 23 tu juu ya upeo wa macho. Mwanga wake hutoka ubavuni na kuchonga uso vizuri. Mombasa au Kigoma, saa hiyo hiyo, jua huwa karibu na utosi, na vivuli hujaza mashimo ya macho. Ndiyo maana mpiga picha wa pwani humsogeza mtu barazani au chini ya mwembe, au husubiri alasiri.

Waliojipanga wenyewe

Katika historia hii, Waafrika Mashariki hawakuwa wavulana wanaoonekana kwa nyuma tu. Kule Zanzibar, studio za Wagoa kama A. C. Gomes na Coutinho Brothers ziliuza kadi za posta mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20. Nyingi kati ya kadi za zama hizo zilimtaja mtu kwa kabila au kazi yake, bila jina. Lakini studio hizo hizo, na zile zilizofuata, zilikuwa pia na mlango wa mbele, ambamo mteja aliingia na fedha yake mkononi.

Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio mjini Zanzibar mwaka 1930. Mombasa kulikuwa na studio ya N. V. Parekh tangu miaka ya 1940. Lamu kulikuwa na Omar Said Bakor, fundi wa kuunganisha vipande vya picha mbalimbali kuwa kimoja, kama alivyofanya Robinson karne moja kabla yake. Mteja wa studio ndiye aliyesema avae nini, ashike nini, akae na nani, na pazia gani liwe nyuma yake. Fremu ilipangwa na watu wawili.

Tofauti hiyo huonekana katika macho. Katika picha ya uani ya Toronto ya mwaka 1913, mkaazi huitazama kamera kama mgeni aliyeingia bila kubisha hodi. Katika picha ya studio ya pwani, huitazama kama kioo.

Kwa anayeshika simu leo

Mafunzo ya historia hii yanaweza kutumiwa na yeyote, awe Scarborough au Singida.

Kwanza, atazame kingo za fremu kabla ya kubonyeza. Nguzo inayoota kichwani mwa bibi harusi au mkono uliokatwa kwenye kiganja huharibu picha kuliko lenzi duni. Pili, asogee kwa miguu badala ya kuvuta taswira kwa vidole, kwa kuwa kusogea hubadili uhusiano wa vitu, ilhali kuvuta hukata tu. Tatu, ashuke hadi kimo cha anayempiga. Mtoto aliyepigwa kutoka juu huonekana mdogo na mnyonge. Aliyepigwa na mtu aliyechutama huonekana mtu kamili. Nne, mistari minne imsaidie, lakini akiona sababu ya kuweka kitu katikati, kama Goss alivyoona, akiweke katikati.

Tano, ajiulize ni nini kimebaki nje, na kama angekuwa ndani ya fremu angeridhika na mahali alipowekwa.

La mwisho halihitaji kipaji chochote. Aandike majina, mahali na tarehe. Negativu za Goss zina namba na tarehe, na mara nyingi mtaa unajulikana pia. Mtafiti anaweza kusema siku ambayo ua fulani ulipigwa picha. Mara nyingi hawezi kusema aliyesimama mlangoni alikuwa nani.